Kisanduku cha Wadhifa

Karani wa benki, Barabara ya Digo,
amenisogezea fomu na kalamu iliyofungwa kamba
kana kwamba nimekuja kuiiba.
Jina la biashara: Bekari ya Bi Mwanakhamisi, Majengo.
Mwaka wa kuanza: naujua, ni umri wangu.
Wadhifa wako:
na hapo pana kisanduku
ambamo siafu wawili hawapishani.

Mama, wewe uliandika neno moja: Mwenyewe.
Mwenyewe ulikanda, mwenyewe ulichoma,
mwenyewe ulidai madeni ya maduka ya Makupa
kwa mdomo mtamu na daftari chungu.
Na mwaka ule unga ulipopanda,
tulipokuuliza tupunguze bofulo au tuongeze bei,
ulisema, "Bei. Mwenye njaa hudanganywa mara moja."
Hukujua kwamba hizo ni kazi nne.
Au ulijua, ila hukuwa na watu wanne.

Mimi ninao. Ndiyo shida yenyewe.

Saa nane za usiku Kidzao
hutia mkono mtupu mdomoni mwa tanuri,
huhesabu mpaka saba,
husema "bado",
na vijana kumi na wawili husimama pale pale walipo.
Nikisema "bado" mimi,
wananitazama, kisha wanamtazama yeye.
Mshahara nalipa mimi.
Usiku ni wake.

Nyevu hajui donge lililoumuka kwa harufu.
Anajua gari la Kisauni lilichelewa Jumanne,
kwamba dereva alisinzia,
kwamba alisinzia kwa sababu mtoto ana surua,
na nani atashika usukani kesho.
Chumba chake kilikuwa stoo ya sukari;
sisimizi bado wanakuja kuulizia.
Meneja, nimeelewa kwa kumtazama,
ni mtu ambaye kesho ya wenzake
imelala mezani pake, imepigwa mistari.

Na Shekue, kaka yangu,
aliyejichapishia kadi za mkurugenzi kabla hatujakaa kikao,
huja Ijumaa, hula bofulo la moto na siagi,
huuliza "Mauzo vipi?"
na jibu humkuta mlangoni akitoka.
Nilimcheka.
Mpaka mwenye kiwanja alipotaka kiwanja chake,
Shekue akapiga pasi kanzu, akaenda,
akakaa barazani kwa watu siku tatu akinywa kahawa,
akarudi na mkataba wa miaka kumi.
Mimi ningelipeleka mahesabu.
Yeye alipeleka uso.
Cheko nimelimeza, na halijashuka vizuri.

Sasa niambie, Mama, kilichobaki ni kipi?

Wiki jana nilijifunga leso kiunoni,
nikaingia kukanda kama wewe.
Hamira nilizidisha. Magunia mawili yakaenda kwa kuku.
Kidzao hakunifokea. Alinipangusa unga begani,
akasema, "Bosi, ukiwa huku ndani,
nani anaangalia barabara?"
Nilitoka nje.
Ng'ambo, dukani kwa jirani,
kijana alikuwa akishusha mikate ya Nyali
iliyokatwa tayari, ndani ya nailoni inayong'aa,
na wateja wetu wawili
walikuwa wakiiminya kwa vidole.
Yapata mwezi inashushwa pale.
Mimi nilikuwa ndani, nikihesabu trei.

Karani anakohoa. Foleni nyuma yangu inakohoa naye.
Niliandika Mwenyewe, nikakata.
"Fomu haikatwi, dada," akanipa nyingine.

Nimeruka kisanduku, nimeshuka chini,
kwenye mstari wa wenye kutia sahihi.
Miaka thelathini na mmoja palikuwa na jina lako peke yake,
umelipigia mstari, kalamu ikatoboa karatasi.
Nimeandika la Nyevu. La kwanza.
Mkono umenitetemeka kama wa mwizi.
Kisha langu.

"Na hapa juu?" karani anauliza,
kidole juu ya kisanduku kitupu.
Nimemwambia angoje.
Kupitia kioo cha benki
naangalia barabara.