Likizo ya Mwili

Nesi Nyanjige alinifunga mashine ya presha,
akapampu, akaguna,
akaandika tarakimu mbili, moja juu ya nyingine,
kama muuza duka anayeandika deni.
"Likizo yako lini, mama?"
Sikuwa na jibu. Miaka minne naiuza likizo,
naila kwa bati, kwa saruji, kwa ada ya Masalu,
kwa mlango wa chuma ambao hadi leo haufungi sawasawa.

Nikateremka mlima wa Bugando na daftari jipya.
Juu kabisa nikaandika MPANGO,
nikapiga mstari kwa rula. Mimi ni karani,
jambo lisilo na mstari siliamini.
Siku kumi na nne. Ukerewe.
Chumba chenye dirisha linalotazama maji.
Alfajiri, kutembea hadi jasho lije lenyewe.
Chai, sukari kidogo.
Nikafuta kidogo.
Kalamu ikasita, kisha nikafuta na sukari.

Chakula: sato wa kuchemsha, ndimu, pilipili,
mgagani na uchungu wake wote,
michembe ya mama mdogo, mikavu, inagonga meno
mpaka ikutane na karanga jikoni,
machungwa ya huko huko, kijani nje, asali ndani.
Kitumbua nilikiandika ukurasa wa mwisho,
peke yake,
kama jina la mwanamume niliyeachana naye.

Milembe, dada yangu, alisoma akacheka hadi akakaa chini.
"Tangu lini Msukuma akalipia kutembea?
Bibi alitoka Magu kwa miguu, pamba kichwani,
nani alimpa cheti?"
Nikamwambia: bibi hakukaa kitini saa tisa
akihesabu katoni za minofu ya sangara.
Samaki wanapanda ndege mbele ya macho yangu
mwaka wa kumi na moja huu.
Mimi hata meli ya Nansio sijaipanda.

Kuogelea nikakuwekea alama ya kuuliza.
Ziwa nalijua. Lina kichocho kwenye matete,
lina mamba asiyeheshimu likizo ya mtu.
Nikaandika: kuogelea, kwa macho tu.

Kisha nikajumlisha.
Jumla ilinitazama, nami nikaitazama.

Hapo ndipo nilipoacha kupanda gari la kwenda kazini.
Nauli ikaingia kwenye kopo la maziwa ya unga,
miguu ikaingia njiani: Mabatini hadi Igogo,
na jioni ngazi za mawe hadi mlangoni kwangu,
mia moja na kumi na sita, nimezihesabu,
ya themanini imevunjika.
Jumamosi nilikwenda bandarini kuuliza bei.
Karani wa tiketi hakuwapo.
Nikarudi Jumatatu: yupo, mashine haipo.
Nikarudi Alhamisi: vyote vipo, bei imepanda.
Sikukasirika sana. Upepo wa ziwa ulikuwa mzuri,
na mwanamke mmoja aliniuzia papai akalikata hapo hapo.

Nikampelekea fundi Lugembe gauni la safari.
Alizungusha futi kiunoni, akazungusha tena,
akashusha sauti:
"Mama, mbona umepungua? Unaumwa?"
"Hapana," nikasema, "napanga likizo."
Akatikisa kichwa kama mtu aliyedanganywa kwa adabu,
akakunja pindo vidole viwili ndani.

Kopo limefika nusu.
Leo asubuhi, kabla ya adhana, mlango ukagongwa:
Milembe, raba miguuni, moja haina kamba.
"Nimekuja kukusindikiza tu," akasema,
akatangulia mbele.

Fomu ya likizo ina nafasi finyu mbele ya neno Sababu.
Nimeandika: mwili.
Bosi ameuliza mwili una nini,
nikamjibu una miaka arobaini na saba
na haujawahi kuulizwa.

Mpango umekamilika, siku kumi na tatu,
kila moja na mstari wake wa rula.
Ya kumi na nne nimeiacha wazi.
Kitumbua kimoja, pengine.
Na chai, bila maelezo.