Mapezi Saba na Moja Lililopinda

Kompyuta ya Mama Ngosa huzimika saa nne asubuhi,
katikati ya barua ya mtu.
Kaja nayo kutoka Kamalondo, imefungwa kitenge mgongoni.
"Iko na homa," anasema. "Weye ipime."
Naipima kwa ncha ya kidole.
Naondoa kidole.

Ni kidude cheusi kwenye ubao mama,
ukubwa wa kucha ya mtoto.
Kipozajoto chake kilidondoka zamani,
pamebaki alama ya gundi kavu
kama mahali palipobanduliwa stempu.

Mjini wanataka dola kumi na tano.
Baba anainama, anavuta kitu uvunguni:
kipande cha mukuba
ndani ya shati lake la kazi.
Haniambii kilipitaje getini.
Simuulizi.

Nakikata kwa msumeno. Meno mawili yanavunjika.
Mapezi saba yanasimama;
la nane limepinda, naliacha hivyo hivyo.
Chini nasugua kwa msasa uliolazwa juu ya kioo
hadi uso wangu unajitokeza humo, mwekundu,
pua bila macho.

Kisha spiriti kwenye pamba.
Kisha mirija miwili, kiasi hiki kwa kiasi hiki:
ukikosea, haigandi,
ukichelewa, imegandia kijitini.
Tone kama punje ya mchele.
Gundi nyingi ni blanketi,
na mgonjwa wa homa hafunikwi.

Sijabonyeza bado.
Hii si ile dawa nyeupe ya kufutika na kitambaa.
Ukitaka kuking'oa kesho, kitatoka na kidude chenyewe,
na ubao utabaki na donda.
Namwuliza baba: kimekaa sawa?
Yeye, miaka thelathini na mmoja mbele ya tanuru,
anainamisha kichwa
kama mtu anayesikiliza sufuria.

"Sukuma kidogo huku. Basi."

Nabonyeza. Nashikilia. Nahesabu hadi mia tatu,
nikifika mia na tisini umeme unakatika,
sijui kama niendelee au nianze upya.

"Mukuba haukatai moto," anasema gizani.
"Unaupokea, unaupitisha, unaupa upepo.
Siye ndio tulikuwa tunauweka."
Nasikia akilikunja shati,
sasa halina kitu,
akilikunja tena.

Usiku kucha kibanio cha nguo
kimelibana lile pezi lililopinda.

Kesho yake, saa sita mchana: nyuzi hamsini na mbili.
Haipandi.
Barua inafika mwisho, inachapwa, inapigwa muhuri.
Ni ya mzee anayedai pensheni,
mara ya tano, kwa heshima zote.

Mama Ngosa ananyoosha mkono anishukuru.
Mimi gumba na shahada vimegandana tangu jana,
nampa wa kushoto.
Anautazama.
"Mutoto wa nani huyu," anauliza,
"asiye na adabu?"