Alama Sita

Bodi imeniandikia tena:
bado sita, Daktari Dzidra Vanaga,
bado alama sita ndipo leseni yako
ipumue miaka mitano mingine.
Barua ya heshima, mhuri wa bluu.
Miaka thelathini na minne mkono wangu wa kushoto
umeishi nusu ya maisha yake ndani ya ng'ombe,
mpaka begani, gizani, ukisoma ndama kwa vidole,
na leo nadaiwa alama kama mtoto wa darasa la pili.

Nikaenda. Nani angekwenda kwa niaba yangu?
Saa kumi alfajiri Balvi imejifunika theluji,
gari linakohoa, kiti cha nyuma kina mabuti,
kamba za kuzalishia, ndoo,
na ile harufu ambayo marehemu mume wangu
aliizoea hata akaacha kuitaja.

Ukumbini Jelgava vijana wamepakata kompyuta.
Mimi nina daftari la mraba na kalamu iliyoganda wino.
Jirani yangu Ojārs, daktari wa nguruwe,
amesinzia kabla ya slaidi ya kwanza;
yeye alama zake huzivuna usingizini.

Mwalimu akaingia. Ilgvars.
Nilimtambua kwa masikio, yale yaliyochomoza
pembeni mwa kofia ya sufu
alipokuwa na miaka tisa, ameshika kurunzi
zizini kwa mama yake, Februari.
Ng'ombe wao mmoja tu, Zīle, wiki ya pili tangu azae:
hali, hacheui, anakonda huku amesimama.
Nilipima joto. Nilichoma sindano mbili.
Nikasema, ni kitu alichokula.
Siku ya sita walimtoa nje kwa kamba na trekta la jirani.

Slaidi ya tatu haikuwa na picha.
Fumbeni macho, akasema, sikilizeni.
Kidole kikagonga ubavu wa kushoto,
na kwenye spika ikaja

ting

kama sarafu iliyoanguka ndani ya pipa tupu la chuma:
tumbo la nne limehama, limejaa gesi,
limepanda kukaa pasipo pake.

Niliisikia. Februari ile niliisikia,
chini ya kidole changu, mara mbili,
nikadhani ni ndoo,
nikadhani ni barafu inapasuka paani.
Sikio lilikuwa zima. Jina ndilo halikuwapo.

"Nani amewahi kukutana nayo?"
Mikono michache. Wangu ukapanda, uleule wa kushoto.
"Ukafanya nini, Daktari?"
Angeweza kumuuliza mwingine.
"Sikufanya kitu," nikasema. "Nilikuwa sijui."
Ojārs akazinduka.
Ilgvars akanitazama muda wa pumzi moja ya ng'ombe,
pumzi ndefu, yenye mvuke,
kisha akabonyeza. Slaidi ya nne.

Mchana tulishona ng'ombe wa mpira
mwenye zipu tumboni na macho ya mwanasesere.
Akapita nyuma yangu.
"Chini kidogo, Daktari."
Nikashusha sindano. Chini kidogo. Ikaingia.

Kwenye kahawa alinikatia mkate mweusi bila kuulizwa.
"Mama alinunua mwingine," akasema.
"Akampa jina lilelile."
Sikujua niitikie nini, nikaomba sukari,
mimi nisiyetia sukari tangu ujana.

Usiku nilirudi na cheti kwenye kiti cha abiria,
nikigonga usukani, mlango, ndoo,
na kila kilichokuwa kitupu kikajisema.

Nyumbani nilikitafuta kitabu cha chuo, jalada la kijivu.
Ukurasa ule nilikuwa nimeuruka;
usiku wa kuusoma kulikuwa na dansi.
Mistari minne tu, herufi ndogo,
gonga ubavu, sikiliza,
na yote minne ilikuwa sahihi
tangu mwanzo.