Risasi Hamsini za Kwanza

Nimeinunua Jumanne, kwa kibali na mihuri mitatu.
Muuzaji akanifungia kama anayefunga keki.
Usiku uleule nikaifungua mezani,
maana mimi ni fundi saa, na mikono haijui adabu nyingine:
slaidi, mtutu, springi, fremu.
Nikasema, loo, aliyekuchora kazi anaijua.
Hakuna kipande kilichokaa bure,
kila kimoja kinamngoja mwenzake.
Nikaipaka mafuta yaleyale ninayopaka saa za ukutani.

Lakini saa ukiikosea, inachelewa tu.

Leo Jumamosi, machimbo ya chokaa nje ya Olomouc.
Theluji imeganda ndani ya nyayo za watu wa jana.
Bohdana, mwalimu wa shabaha, anapuliza chai yenye limau.
"Kidole nje ya kifyatulio," anasema, "mpaka uamue."

Mkononi ni fupi, bastola hii.
Kidole changu cha mwisho hakina pa kukaa,
kinaning'inia chini ya mpini
kama mgeni aliyekosa kiti harusini.
"Wote hulalamika hivyo, bwana Radovan.
Umetaka ya kuficha, basi kubali kubanwa."

Ya kwanza sikuisikia kwa masikio, nilikuwa nimeyaziba;
niliisikia kwenye meno.
Ganda likaruka, la moto, likanigusa shavu
likazama kwenye kola, nami nikaruka nalo,
mzee wa miaka hamsini na nane,
na Bohdana anafoka, "Mtutu mbele! Mtutu mbele!"
Karatasi, hatua saba tu kutoka hapa, safi kama shuka.

Ya pili, chini kushoto.
Ya tatu, chini kushoto.
Ya nne, udongo.

Akaichukua magazini, akanipa mgongo,
akachanganya risasi bandia katikati ya zile za kweli.
Nikafyatua. Tak.
Hakuna mlio, hakuna teke, hakuna moshi,
na bado mtutu ukainama wenyewe,
ukasujudu mbele ya kitu ambacho hakikutokea.
"Umeona? Unamjibu mtu kabla hajasema."

Nikaona.
Mkono huu umeshika springi nyembamba kuliko unywele wa kichanga,
miaka thelathini na moja, wala haukutikisika.

Ila mwezi wa Novemba.
Kioo cha duka kilipasuka saa tisa usiku.
Nilikuwa chumba cha nyuma, gizani, nimeshika kibano,
na kupitia ufa wa mlango niliona sikio la mtu,
sikio tu, jekundu kwa baridi, la kijana.
Akaondoka na saa kumi na moja, zote za watu,
ikiwemo ya mume wa Bi Svatava, ambayo ndiyo kwanza ilianza kutembea.
Hakunigusa. Hakujua kwamba nipo.

Kufikia ya thelathini matundu yakaanza kusogeleana.
Kufikia ya arobaini ungeyafunika kwa kisahani cha kahawa.
Nikafurahi. Nisiseme uongo, nilifurahi
kama siku saa iliyokufa inapopiga tena,
na ngozi kati ya dole gumba na shahada imechubuka, inawaka.
Karatasi haikuwa na sikio.
Nilishukuru kwa hilo, halafu nikajaza tena.

Springi ni ngumu; Bohdana anasema italegea.
Kifyatulio kina safari ndefu, halafu ukuta, halafu hakuna kurudi.
Vituko vya kulengea ni vidogo kwa macho yangu.
Sitairudisha.

Tuliokota maganda kwenye theluji. Arobaini na tisa.

Jumatatu nimeinama juu ya kazi,
kitu kigumu kinanidunga ubavuni kila nikivuta pumzi.
Mjukuu wa mteja, chini ya meza, ameokota kishaba
kilichodondoka kutoka kwenye pindo la koti langu.
"Hiki ni cha saa gani?"
Nikakipokea.
Nikakitia kwenye kopo la skrubu zisizo na wenyewe.