Nguzo za Baba Mdogo

Umeme wa Kadutu hurudi saa saba usiku,
bila hodi, kama mdeni anayepita uani.
Ndipo nashuka mgodini.
Simu yangu ina ufa kutoka kona hadi kona;
unakata milima ya mchezo katikati,
nami nimeuzoea kama mto wa ramani.

Jiwe nililolisaka wanaliita jicho-la-barafu.
Chuma vipande mia hukupa panga.
Jicho-la-barafu, viwili tu,
hukupa taa isiyozimika.
Mtoto wa Kadutu ningekosaje kuitaka?

Wiki tatu niliambulia makaa na njaa.
Fisi wa theluji wamenila mara nne.
Nabintu, binti wa shangazi, yuko Panzi,
kwao mtandao haukatiki kama kwetu:
nikifa hukimbilia mkoba wangu
kabla haujayeyuka,
kisha kesho yake hunidai sambaza za franga elfu.

Usiku ule mvua ilikuwa inapiga bati
na Baba Mdogo Murhula hakupata usingizi.
Akaja kuketi nyuma yangu, shuka mabegani,
na kile kikohozi alichorudi nacho kutoka Numbi.

"Unachimba nini?"
"Jiwe."
"La nani?"
"La atakayelipata."
"Na mwenye mizani anakaa wapi?
Na wa kizuizi? Na yule wa kofia,
anayetaka karatasi, na ukiwa nayo anataka nyingine?"
"Hayupo."
Akacheka mpaka mkewe akagonga ukuta.
"Mlima usio na mtu wa kofia! Lete nione."

Nikampa simu. Hakupiga jiwe.
Aliuzunguka mlima mzima polepole
hata nikaona betri yangu inakufa bure.
Alikuwa anatafuta maji yanatokea wapi.
"Maji hupita penye kidonda," akasema,
akaingilia hapo, palipokuwa na mstari mweupe
ambao kwa wiki tatu niliudhani ni ufa wa kioo.

Pigo tatu, kimya.
Pigo tatu, kimya.
Halafu akatoka nje kwenye theluji,
akakata msonobari,
akarudi, akasimamisha nguzo mbili na boriti juu yake.

"Baba Mdogo, huku mlima hauanguki."
"Mm."
"Waliotengeneza hawakuuwekea kuanguka.
Unamaliza shoka langu."
"Mm."
Pigo tatu, kimya. Hatua kumi. Nguzo mbili.

Nilitaka kumnyang'anya, nakiri.
Betri asilimia tisa. Mbwa wa jirani analia.
Kidole gumba chake, kile kisicho na kucha,
kilikuwa kinabembeleza kioo
kama mtu anayepapasa ukuta gizani.
Nguzo ya kumi na nne ndipo aliposema,
si kwangu, nadhani:
"Siku ile tulikuwa na haraka."

Sikuuliza. Mvua ilijaza nafasi ya swali.

Jiwe likatokea bila makeke,
bluu, limekaa juu ya ufa.
"Ndilo hili?"
"Ndilo."
"Dogo," akasema, akanirudishia simu,
na umeme ukakatika, na simu ikafuata,
nami nikabaki nimeshika kioo cheusi
na jiwe langu liko huko, mikononi mwa mtu aliyezimwa.

Asubuhi nikachaji kwa mama muuza vocha.
Nabintu alikuwa ameandika:
*Mkoba ninao. Jiwe lipo.
Lakini nani kajenga nyumba ndani ya mlima?
Fisi walikuwa saba, nikajificha humo,
nikahesabu miti mpaka wakaondoka.
Nadai sambaza za elfu mbili.*

Taa tumeitundika kwenye nguzo ya saba.
Wageni hupita, husimama, huuliza
faida yake nini, mbao zote hizi.
Nabintu huwajibu anavyotaka.

Baba Mdogo hajawahi kuniulizia lile jiwe.
Ila siku mojamoja, akimenya kiazi,
hainui hata kichwa:
"Ile miti. Ingali imesimama?"
"Imesimama."
"Mm," anasema, na kisu kinaendelea.