Kioo cha Sitini na Saba

Shirima, duka la chini ya ngazi, Mtaa wa Aggrey,
kanipangia filta mbili juu ya kitambaa:
hii elfu kumi na tano, ile tisini.
"Zote kioo, kaka. Zote kinga."

Nikazilaza juu ya risiti nyeupe.
Ile rahisi ikaigeuza karatasi rangi ya chai.
Nikamkumbuka Bi Sikudhani wa Keko
na picha aliyonirudishia mwaka jana:
"Huyu umemtia maziwa.
Mimi mweusi, mwanangu, mweusi wa kujulikana."

Nikalipa tisini, kodi ya chumba ikinitazama.
Nifanyeje? Lenzi yenyewe nadaiwa bado,
na vumbi la Keko halina adabu.

Jumamosi kakaa mlangoni, kanga mpya,
uso umeng'aa mafuta ya nazi.
Akavua miwani, akaipachika kwenye mkunjo wa kanga.
"Wajukuu wayaone macho, si vioo."

Nikashusha kamera.
Nikaizungusha filta taratibu,
kama kifuniko cha chupa ya dawa,
nikaitia mfukoni, tisini yangu yote.

Vumbi la Keko,
ngoja kidogo.