Daftari la Kongwa

Jalada ni la kaki, kona imeliwa na panya.
Ndani, kwa penseli, mwandiko wa mama wa ngumbaru:
Komredi Radi, ujimbi, vibuyu vitatu.
Komredi Safari, jogoo mwekundu.
Komredi Jiwe, sabuni kipande,
atalipa mwezi ukiandama.

Nani angejua kwamba hata majina
walikuwa wameyaazima?

Siku zile Ndahani alichinja Jumanne na Ijumaa.
Fundi Lechipya alikuwa na cherehani mbili,
ya pili akiikanyaga mpwawe, miguu haijafika vizuri.
Wenye midomo walinung'unika kisimani:
kambi inatumalizia mayai.

Kisha usiku mmoja malori, taa zimezimwa.
Vita vimesogea kusini, na wenyewe wamevifuata.
Asubuhi mbwa wa kambini walikuja mlangoni kwetu
wakakaa,
wakisubiri ukoko.

Yai la senti ishirini likawa la kumi,
kisha likawa la kuliwa na mwenye kuku.
Ndahani akanoa kisu wiki nzima bila ng'ombe.
Mpwa wa fundi akashuka Kimamba kukata mkonge,
na cherehani ya pili ikauzwa Mpwapwa
kwa magunia mawili ya uwele, moja lina wadudu.

Babu alisema tumeshazoea.
Wazungu wa karanga nao waliondoka hivi,
wakang'oa mpaka reli.

Lakini hawa tuliwapenda.
Kila redio ilipotangaza bendera mpya huko kusini
tulipiga vigelegele, kweli tulipiga,
na mama akalamba ncha ya penseli
akaweka alama pembeni:
huyu sasa ana nchi. Atalipa.

Mwaka jana lilikuja gari jeupe.
Mzee mmoja wa mvi, fimbo mkononi,
akasimama makaburini muda mrefu, kofia kifuani.
Akarudi dukani kwangu akanunua maji,
akatoa elfu kumi, akakataa chenji.
Nilitaka kumuuliza kuhusu jogoo.
Kiswahili chake kilikuwa kimebaki salamu tu,
na neno moja: ujimbi, akacheka.

Mama haoni tena, anasikia.
Kutoka chumbani akaita: Damari, umeandika?

Nimelifungua daftari, penseli ninayo.
Elfu tisa na mia tano.
Sijui niandike kwa jina la nani.